Kipindupindu Hakina Kabila

Kila kipindupindu kinapozuka mahali, huzuka pamoja nacho ugonjwa wa pili, nao ni ugonjwa wa maneno. Husemwa kwamba watu wa kando ya ziwa ni wachafu, kwamba wakimbizi wameleta laana, au kwamba mji fulani umerogwa. Sisi twasema kwamba maneno hayo hayana msingi, na zaidi ya hayo yanaua, kwani mtu aliyetiwa haya humficha mgonjwa wake ndani mpaka akafa.

Hebu tukumbuke njia ya kale ya misafara. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipumzika Unyanyembe, yaani Tabora, na kutoka hapo wengine walishika njia ya Ujiji, wengine ya Karagwe na Buganda. Waliobeba mizigo walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu waliokula jasho lao kama wafanyakazi wa leo. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka pwani kutoka bara, kikaingia Unguja mwishoni mwa mwaka; kisha mwaka 1870 kikapanda kwa njia hiyo ya Bagamoyo hata Ujiji na Manyema. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati ule, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi ugonjwa ulivyofuata nyayo za biashara. Ugonjwa haukuuliza kabila la mpagazi. Ulimkuta kisimani.

Lakini mbona kipindupindu hakifanani kila mahali? Jibu moja limo katika sumu. Mwaka 1959 mtaalamu S. N. De wa Calcutta, India, alithibitisha kwamba kinachomwangamiza mgonjwa ni sumu itolewayo na kijidudu cha kipindupindu. Sumu hiyo hushika ukuta wa utumbo na kuulazimisha kumwaga maji na chumvi za mwili, hata mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita moja kwa saa. Tena mwaka 1996 ilijulikana kwamba uwezo wa kutengeneza sumu huletwa na virusi vinavyoingia ndani ya kijidudu chenyewe. Kwa hiyo viko vijidudu vya jamii hiyo viishivyo majini bila sumu hiyo, na viko vilivyokwisha kupewa silaha.

Silaha nazo si za namna moja. Aina ya kale ya kipindupindu iliwaangusha vibaya walioambukizwa mara nyingi zaidi. Aina iitwayo El Tor, iliyotambuliwa Misri mwaka 1905, huwaacha wengi wakitembea bila dalili, nao hueneza ugonjwa bila kujua. Hiyo ndiyo iliyoanza safari yake Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970. Baadaye ikazuka El Tor yenye sumu ya aina ya kale. Ya namna hiyo ilitambuliwa Msumbiji mwaka 2004. Na mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba vijidudu vilivyoitesa Yemen vilikuwa ndugu wa karibu wa vile vya Afrika ya Mashariki vya miaka ya 2015 na 2016. Misafara ingali inakwenda. Iliyobadilika ni vyombo vya safari tu.

Basi, tofauti ya sumu yaeleza kwa nini ugonjwa ni mkali hapa na mpole kule. Haielezi yote. Mgonjwa mahututi asiyetibiwa aweza kufa, nusu kwa nusu. Akitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia. Mwezi wa Mei, 1915 ukiwa umepita kwa karne nzima, yaani mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walisongamana Kagunga, kijiji cha Kigoma ambacho njia yake kubwa ni ziwa. Watu zaidi ya 3,000 waliugua. Je, ni kwa sababu walikuwa Warundi? La hasha! Ni kwa sababu walikuwa wengi, maji safi yalikuwa machache, na msaada ulikuwa mbali.

Hatuwezi kuichagulia nchi yetu sumu itakayoingia. Twaweza kuchagua maji. Bomba la Ziwa Victoria limefika Tabora, Nzega na Igunga, nasi twafurahi. Lakini bomba lipitalo mbele ya nyumba ya maskini bila kuingia halijamfaa kitu. Viongozi wahesabiwe kwa bomba lililofika nyumbani, kwa choo kilichochimbwa na kwa zahanati yenye dawa.

Na kila balozi wa shina ajue jambo hili: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa, vyatosha kumshikilia mgonjwa njiani kwenda zahanati. Mgonjwa apelekwe upesi, na habari zake zitolewe bila kuficha.

Mwaka 1958, mjini Tabora, TANU ilichagua busara badala ya hasira. Busara hiyo hiyo ndiyo twaitaka leo: tupigane na maradhi, tusipigane na wagonjwa.