Mbwa Akizaa, Nyumba Nzima Hulea



Mwaka jana mbwa wetu jike alizaa watoto sita katika pembe ya jiko letu la nje. Siku ya nne, mwanangu wa miaka sita alipenyeza mkono akamwinua mmoja wao, na mama yao akamwuma kidole. Jirani yetu, askari polisi apendaye sana watoto, alishauri mbwa huyo auawe jioni ile ile.

Hatukumwua. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha tukampeleka mtoto kituo cha afya pamoja na cheti cha chanjo ya mbwa. Daktari alimpa mtoto matibabu yaliyostahili, akatuagiza tumfungie mbwa na kumchunguza kwa siku 10, kwa maana mbwa aliyekwisha kuuawa hawezi kutuonyesha kama angeugua. Siku hizo zilipita salama. Kosa halikuwa la mbwa wala la mtoto; lilikuwa langu mimi niliyewaacha pamoja bila kuweka mpaka.

Mbwa huchukua mimba kwa siku 63 hivi. Juma moja kabla ya kuzaa, mwandalie mahali pakavu, pasipopita upepo wala watu, na utandike magunia safi. Watoto huzaliwa vipofu na viziwi, na katika majuma mawili ya kwanza hawawezi kujitia joto wenyewe. Baridi ya usiku mmoja yaweza kuwaua. Hakikisha kila mmoja amenyonya siku ile ile aliyozaliwa, kwani maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ndiyo yenye kinga. Watoto wa nyumbani wamtazame mama huyo kwa mbali, na mlezi awe mmoja tu.

Mama anyonyeshaye huhitaji chakula mara mbili, hata mara tatu, ya kile cha kawaida. Posho tupu haimtoshi: ichanganywe na mukene au utumbo uliopikwa, na maji safi yasikosekane. Akianza kutetemeka, kuhema na kukakamaa miguu, usingoje asubuhi; huenda amepungukiwa na madini ya kalsiamu, na asipotibiwa upesi hufa.

Watoto hufumbua macho baina ya siku ya 10 na ya 14. Wafikapo majuma mawili, wapewe dawa ya minyoo pamoja na mama yao, kwa kipimo cha bwana mifugo, nayo irudiwe kila baada ya majuma mawili hadi wafikishe majuma 8. Minyoo hiyo huwapata wangali tumboni, na pia katika maziwa. Mayai yake yakibaki mchangani huweza kuwaingia watoto wetu wachezao hapo. Kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Juma la nne huanzishiwa uji laini. Hapo ndipo majirani waanzapo kubisha hodi, kila mmoja akitaka mlinzi wa mlango wake. Usione haya kuwaambia wangoje hadi majuma 8. Mtoto wa mbwa hujifunza kwa mama na ndugu zake kutouma kwa nguvu. Atengwaye mapema aghalabu hukua mwoga, na mbwa mwoga ni mwepesi wa kuuma.

Anayempokea na aahidi jambo moja: kumchanja dhidi ya kichaa atimizapo miezi mitatu, na kuirudia chanjo kama atakavyoelekezwa. Karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa husababishwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, ni nadra mno apone. Katika kila watu 10 waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Jirani yetu yule aliomba mmoja katika wale sita. Nilimpa majuma 8 yalipotimia, na siku ya chanjo tulikwenda pamoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa naye ni vivyo hivyo.

Hadi juma lijalo.