Kesi ya Paquetá: aliyekiri alirudi mapema kuliko aliyekana

Lucas Paquetá ameondoka England. Januari 2026 alirejea Flamengo, klabu ya Rio de Janeiro iliyomlea tangu utotoni, na wapo wachambuzi ambao wameshamfungia hesabu: kipaji kikubwa, moyo mdogo, kiungo aliyekubali kurudi nyumbani akiwa na miaka 28, umri ambao wenzake ndiyo kwanza wanavuna. Hukumu hiyo inakera, kwa kuwa inamlaumu aliyeumizwa na kumsahau aliyemuumiza. Chama cha Soka cha England, FA, kilimning'inizia mchezaji huyu tuhuma kwa karibu miaka miwili, kikashindwa kuithibitisha, kisha kikaendelea na shughuli zake kama kawaida. Alidhulumiwa, na dhuluma hiyo ina ukubwa unaopimika.

Mambo yalikwenda hivi. Katikati ya Agosti 2023 iliripotiwa kwamba FA inachunguza mikeka iliyowekwa juu ya kadi za njano za Paquetá. Baadhi ya mikeka hiyo, iliripotiwa, ilitoka Brazil, katika kisiwa cha Paquetá kilichomo kwenye Ghuba ya Guanabara, anakotoka na alikopata jina lake la uwanjani. Mei 23, 2024 alifunguliwa mashtaka manne, moja kwa kila kadi: dhidi ya Leicester City Novemba 12, 2022, Aston Villa Machi 12, 2023, Leeds United Mei 21, 2023, na Bournemouth Agosti 12, 2023. FA ilidai kuwa alizitafuta kadi hizo kwa makusudi ili watu wajipatie faida kwenye kamari. Vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kuwa adhabu iliyotakiwa ni kufungiwa maisha. Julai 31, 2025 tume huru ya nidhamu ikatamka kwamba mashtaka yote manne hayakuthibitika. Yaliyosimama ni mashtaka mengine mawili, ya kutojibu maswali na kutotoa taarifa wakati wa uchunguzi.

Ili kuelewa alichopoteza, inabidi kukumbuka alikuwa wapi tuhuma zilipomkuta. Alikuwa ametoka Flamengo kwenda AC Milan Januari 2019, akahamia Lyon mwaka 2020 na huko ndiko alikojitengeneza upya, kisha West Ham wakamnunua Agosti 2022 kwa bei iliyovunja rekodi ya klabu yao. Kwenye Kombe la Dunia nchini Qatar aliifungia Brazil bao dhidi ya Korea Kusini. Juni 7, 2023, jijini Prague, ni yeye aliyempenyezea Jarrod Bowen pasi ya dakika ya 90 iliyowapa West Ham ushindi wa 2-1 dhidi ya Fiorentina na taji lao kubwa la kwanza tangu 1980. Wiki chache baadaye Manchester City, waliokuwa wametoka kutwaa mataji matatu makubwa kwa msimu mmoja, walikuwa mezani na West Ham wakizungumzia dau la takriban pauni milioni 80. Uchunguzi ulipojulikana, mazungumzo yakafa. City wakamchukua Matheus Nunes, na msimu huo wakabeba ubingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo.

Wanaoitetea FA wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba upangaji wa matokeo si mchezo, na hilo ni kweli. Brazil imeona wachezaji wakifungiwa baada ya waendesha mashtaka wa jimbo la Goiás kufichua mtandao wa kununua kadi na penalti, na Kenya inakumbuka FIFA ilivyowafungia wachezaji waliohusishwa na Kakamega Homeboyz mwaka 2020. Ya pili ni kwamba mikeka ile ilitia shaka na chama kisingeweza kufumba macho. Nayo ni kweli, kuchunguza ulikuwa wajibu. Ya tatu ni kwamba Paquetá mwenyewe hakutoa ushirikiano aliotakiwa kutoa, na tume imesema hivyo. Sawa, hilo ni kosa na alibebe. Lakini hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayoeleza kwa nini mtu akae miaka miwili akisubiri kuambiwa kama ana kazi au hana.

Hapo ndipo penye kiini cha kesi hii, na ndipo watetezi wa FA wanapopita kwa kunyata. Iweke kesi ya Paquetá sambamba na kesi nyingine mbili za kamari zilizowahusu wachezaji wa ligi ileile katika kipindi kilekile, utaona jambo ambalo chama chochote chenye haya kingelifanyia kazi kesho yake.

Ivan Toney, mshambuliaji wa Brentford, alishtakiwa mwishoni mwa 2022. Alikiri kuvunja kanuni za kamari mara 232. Mei 2023 alifungiwa miezi minane. Januari 2024 alikuwa uwanjani tena, akafunga bao katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Nottingham Forest. Majira ya joto ya mwaka huo alikwenda Euro na timu ya taifa ya England, na Agosti akauzwa Al-Ahli ya Saudi Arabia kwa takriban pauni milioni 40. Sandro Tonali, kiungo wa Newcastle, alikiri naye, na Oktoba 2023 mamlaka za Italia zikamfungia miezi kumi. Agosti 2024 alikuwa amesharudi. Sina kinyongo na yeyote kati yao. Wote wawili walitajwa kuwa na uraibu wa kamari, walihitaji msaada, wakatumikia adhabu zao na kurudi kazini, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Sasa mtazame aliyekana. Toney aliporudi uwanjani, Paquetá alikuwa hajashtakiwa bado. Tonali aliporudi, Paquetá alikuwa ameshashtakiwa lakini hajasikilizwa. Machi 2025, mwezi ambao Tonali aliichezea Newcastle fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley na kunyanyua kombe, Paquetá ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusikilizwa. Ilipita miezi tisa kati ya habari za uchunguzi na mashtaka, ikapita kumi mingine hivi kabla ya kesi kuanza, kisha minne kabla ya uamuzi. Aliyekiri makosa zaidi ya mia mbili alitumikia adhabu yote, akacheza mashindano ya mataifa na kupata mkataba mpya nje ya nchi, huku ambaye mashtaka yake ya kamari hayakuthibitishwa hata moja akiwa bado kwenye foleni.

Nitaambiwa kwamba kila mahakama duniani humpunguzia adhabu anayekiri. Naam, humpunguzia. Lakini kupunguziwa huko hutolewa kwenye adhabu ya mkosaji, hakuchukuliwi kutoka kwenye maisha ya anayekana. Mfumo ambao kukiri kunamgharimu mtu miezi minane au kumi, na kukana kwa haki kunamgharimu miezi ishirini na mitatu, umeshageuza kesi yenyewe kuwa adhabu, na adhabu hiyo haina hukumu wala rufaa.

Nitaambiwa pia kwamba hakusimamishwa, kwamba aliendelea kucheza na kulipwa. Hili ndilo jibu linaloninyima uvumilivu kuliko yote, kwani anayelitoa ama haujui mpira wa miguu ama anajifanya haujui. Mtumishi wa umma akisimamishwa kazi kwa tuhuma kisha akaonekana hana hatia, hurudishwa ofisini na kulipwa malimbikizo ya mshahara wake, na miaka yake ya utumishi inakuwa bado mbele yake. Kiungo hana malimbikizo ya kudai. Paquetá aliingia kwenye tuhuma hii akielekea kutimiza miaka 26 na kutoka akielekea 28. Kwa kiungo mshambuliaji, hicho ndicho kipande cha umri ambapo mapafu bado yapo na akili ya mchezo imeshakomaa, wakati wa kusaini mkataba mkubwa kuliko yote na kuingia kwenye kikosi kinachogombea mataji. Ni klabu gani ingelipa mamilioni kumnunua mtu anayeweza kufungiwa maisha Jumatatu ijayo? Alibaki pale alipokuwa kwa sababu tuhuma ilifunga milango mingine, na West Ham aliyobaki nayo ilishuka hadi nafasi ya 14 msimu wa 2024/25.

Timu ya taifa nayo ilimponyoka. Agosti 2023 kocha Fernando Diniz alimwacha nje ya kikosi cha Brazil kwa ajili ya uchunguzi huo, na ikabidi asubiri hadi Machi 2024, chini ya Dorival Júnior, ndipo arudi na kuisawazishia Brazil kwa penalti ya dakika za nyongeza katika sare ya 3-3 dhidi ya Hispania.

Na hicho mnachokiita kuendelea kucheza, kilikuwa kucheza kwa namna gani? Paquetá ni kiungo wa kugombania mipira. Anakaba, anavuta jezi, anachelewa kwenye mpira na kumkwatua mpinzani. Kadi za njano ni sehemu ya kazi yake kama zilivyo kwa kiungo yeyote anayepigana katikati ya uwanja. Mtu wa aina hiyo aliambiwa kwamba kadi zake ni ushahidi wa jinai ya kimichezo, kisha akarudishwa uwanjani wiki baada ya wiki apambane vilevile. Mei 4, 2025, katika mechi na Tottenham, alionyeshwa kadi ya njano na machozi yakamtoka mbele ya uwanja mzima. Novemba mwaka huo, akiwa ameshasafishwa, alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Liverpool kwa kumlalamikia mwamuzi, akaandika mtandaoni kwamba maisha na kazi yake viliathiriwa miaka miwili bila msaada wowote wa kisaikolojia kutoka kwa chama. Badala ya kumsikiliza, wengine waliona ndiyo uthibitisho kwamba ana matatizo ya nidhamu.

Muda wote huo, jezi ya West Ham aliyovaa ilikuwa na jina la kampuni ya kamari kifuani. Ligi Kuu ya England iliamua mwaka 2023 kuyaondoa matangazo hayo mbele ya jezi, lakini ikazipa klabu hadi mwisho wa msimu wa 2025/26. Tunaijua hali hiyo hata huku kwetu, ambako vijana wanabeti kwenye simu idadi ya kadi na kona za mechi za Ulaya, na kampuni za kubashiri zimekuwa wadhamini wa klabu na ligi zetu. Soka limechukua fedha za kamari kwa mikono miwili, kisha linapobidi kuonyesha ukali linamtafuta mchezaji mmoja wa kutolea mfano. Ukali huo ungeaminika zaidi kama ungewagusa pia wanaouza dau la kadi ya njano.

Kinachotakiwa si kigumu. FA ijiwekee ukomo wa muda ulioandikwa kwenye kanuni: miezi kadhaa ya kushtaki tangu uchunguzi ujulikane, miezi kadhaa ya kusikiliza tangu mashtaka yafunguliwe, na ukomo ukipita, faili lifungwe hadharani. Mchezaji apewe msaada wa kisaikolojia tangu siku ya kwanza, kwa gharama ya anayemtuhumu. Na chama kieleze kwa maandishi kwa nini kesi hii ilichukua muda uliochukua na nani aliisimamia.

Wanaoona hayo ni mengi wafikirie mchezaji atakayeitwa na FA mwaka kesho kwa tuhuma ya kosa asilolifanya. Atamuuliza mwanasheria wake afanye nini, na mwanasheria mwaminifu atamwonyesha kalenda ya Toney, ya Tonali na ya Paquetá. Kwa kanuni zilivyo leo, ushauri wa busara atakaoweza kumpa ni mmoja tu: kiri, upewe miezi yako, urudi kucheza. Chama kinachowafundisha wasio na hatia kukiri hakiwezi kudai kwamba kinalinda usafi wa mchezo.