Mnyama Yumo Kizimbani: Mshitakiwa Ni Nani?



Katika maonyesho moja ya Nanenane mjini Lindi nilisimama miongoni mwa watu waliolizunguka banda lililojaa kuliko mabanda yote ya mbegu na pembejeo. Ndani yake alikuwamo chatu, amejikunja katika sanduku la mbao lenye wavu mbele, sanduku lisilofika nusu ya urefu wake. Chombo chake cha maji kilikuwa kimepinduka. Vijana wawili walikuwa wakipenyeza kijiti kwenye wavu ili ajongee, maana, walivyosema, wamekwisha kulipa kiingilio na nyoka mwenyewe amelala tu. Mtoto wa kike wa kama miaka sita, aliyeshikwa mkono na bibi yake, akauliza kwa sauti: "Bibi, huyu amekosa nini?"

Bibi akamjibu: "Hajakosa kitu, mke mwenzangu. Ameletwa tumtazame."

"Sasa mbona amefungwa?"

Watu walicheka, na bibi akamvuta mjukuu wake kwenda kutazama ng'ombe. Lakini swali lile sikuweza kuliacha pale bandani. Lugha yetu hutumia neno moja, kizimba, kwa tundu la kufungia wanyama na kwa mahali anaposimama mshitakiwa mbele ya hakimu. Mtoto yule alidhani, kwa haki kabisa, kwamba aliyemo kizimbani lazima awe ameshitakiwa kwa jambo fulani. Leo napenda tulizungumze swali lake: ni kwa haki gani binadamu humfunga mnyama asiye na kosa, ama kwa ajili ya kujiburudisha, ama kwa ajili ya utafiti?

Wenyeji wa Kilwa na Lindi hawana haja ya kufundishwa kwamba vitu vya nchi yao hupendwa mbali. Katika gati za Kilwa Kivinje zilipakiwa pembe za ndovu na sandarusi, na, kwa aibu kubwa ya historia, binadamu pia. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, na mjusi mkubwa kuliko wote amesimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Hata hivyo, mifupa haioni njaa wala kiu. Wapo viumbe wengine waliosafirishwa kutoka kusini wakiwa hai, nao hawatajwi sana. Hao ni nyoka.

Wazee wa Liwale na Newala walimjua mtu aliyeitwa Bwana Nyoka. Jina lake halisi lilikuwa C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901, akaja Tanganyika akiwa askari, akawa mwindaji wa tembo, na mwaka 1933 akaingia katika Idara ya Wanyamapori ya serikali ya kikoloni. Makao yake yalikuwa Liwale. Yeye ni mmoja wa waliolipanua sana Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na upanuzi huo uliambatana na kuhamishwa kwa wananchi wa Liwale katika miaka ya 1940, kwa sababu iliyotajwa kuwa ni ugonjwa wa malale.

Lakini sifa yake kubwa ilitokana na nyoka. Mwanakijiji aliyemwona nyoka juu ya mwembe au katika shamba la mikorosho alikwenda kumpasha habari, naye alifika na fimbo zake za kunasia na magunia yake, akamkamata nyoka akiwa hai, na mleta habari akapata zawadi ya fedha. Kwa njia hiyo alikamata maelfu ya nyoka: wale wa kijani wenye sumu kali wakaao mitini, koboko, na bafe wanene wa uwanda wa Makonde wenye madoa mazuri kama zulia. Aliumwa mara kadhaa, wala hakuacha. Nyoka hao walitiwa katika masanduku na kupelekwa kwenye bustani za wanyama, majumba ya makumbusho na kwa watafiti wa sumu, ndani na nje ya Afrika. Bwana Nyoka alifariki mwaka 1968, akazikwa ndani ya Selous.

Sasa tujiulize: je, nyoka hao walifungwa kwa haki? Jibu si jepesi, kwa kuwa masanduku yao hayakwenda mahali pamoja. Nyoka aliyepelekwa kuwekwa nyuma ya kioo ili watu wa mji fulani wa baridi wapate kumshangaa Jumapili alasiri, aliishi kifungo chake na kufa bila ya faida yoyote kwa mtu wa Liwale. Nyoka aliyepelekwa kukamuliwa sumu aliingia katika kazi nyingine kabisa.

Dawa ya sumu ya nyoka, ambayo njia yake iligunduliwa Ulaya katika miaka ya 1890, hupatikana hivi. Nyoka aliyefugwa hukamuliwa sumu kwa kuumishwa ukingo wa chombo. Sumu hiyo hutiwa kidogo kidogo katika mwili wa farasi kwa muda wa miezi, mpaka damu ya farasi inajenga kinga ya kuipinga. Kisha farasi hutolewa kiasi cha damu, kinga hiyo huchujwa na kusafishwa, na ndiyo hudungwa mgonjwa. Basi katika kila kichupa cha dawa hiyo mna vifungo viwili: cha nyoka na cha farasi. Mpaka leo watafiti wanajitahidi kupata dawa isiyohitaji mnyama, lakini dawa inayookoa watu hospitalini ingali ni hii.

Nani awezaye kumwambia mkulima wa Kilwa kwamba kifungo hicho hakifai? Mama anayepalilia ufuta, mtoto anayeokota korosho, kijana anayerudi usiku bila taa, wote hukutana na bafe, nyoka ambaye desturi yake ni kutulia tuli njiani badala ya kukimbia. Sumu yake huozesha nyama ya mguu, na anayenusurika huweza kuupoteza mguu wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na kwamba wanaobaki na vilema vya kudumu ni kama mara tatu ya hao. Wengi wao ni wakulima na wafugaji wa nchi maskini. Mwaka 2017 Shirika hilo liliingiza tatizo hili katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Kwa hiyo mimi siwezi kuungana na wale wasemao kwamba vizimba vyote vifunguliwe leo.

Lakini, ndugu msomaji, hapo ndipo wengi hukosea. Wakisha kusikia neno utafiti hudhani kila kitu kimeruhusiwa. Sivyo. Aliyemfunga kiumbe asiye na kosa amejitwika deni, na neno utafiti peke yake halilipi deni hilo. Yako maswali matatu ambayo yampasa kuyajibu.

La kwanza: je, hakuna njia nyingine? Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, waliweka kanuni inayofuatwa na watafiti wengi hadi leo: badili mnyama kwa kitu kingine inapowezekana, isipowezekana, punguza idadi, na hao waliobaki, wapunguzie maumivu. Wapo waliodhani kanuni hiyo itaizuia sayansi, lakini mambo yalikwenda kinyume. Katika miaka ya 1950 na 1960 maelfu ya nyani na tumbili walisafirishwa kutoka Asia na Afrika kwenda viwandani ili figo zao zitumike katika kutengeneza chanjo ya polio. Mwaka 1967 tumbili waliotoka Uganda walipeleka virusi visivyojulikana katika maabara za Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia. Watu 31 waliugua na 7 wakafa. Na tayari mwaka 1962 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walikuwa wameanza kukuza katika vyombo vya maabara chembe hai za figo ya tumbili mmoja tu. Uzao wa chembe hizo ungali ukitumika, na chanjo mbalimbali, zikiwamo za polio, hutengenezwa kwazo. Tumbili mmoja ameokoa tumbili wengi, kwa kuwa watu walijisumbua kutafuta njia nyingine.

La pili: je, mfungwa anatunzwaje? Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayotambua kwamba mnyama huona njaa, kiu, hofu na maumivu, na kwamba aliye naye anawajibika kumwepusha nayo. Sanduku fupi kuliko mkaaji wake, chombo cha maji kilichopinduka na kijiti cha kuchokorea si mambo ya kuchekea.

La tatu, ambalo kwangu ni zito zaidi: faida inamfikia nani? Nyoka wa Liwale amekamuliwa. Je, mwana wa Liwale aliyeumwa anaipata dawa? Mwaka 2014 kampuni ya Kifaransa ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotibu sumu ya nyoka wa aina 10 wa Afrika, kwa kuwa biashara yake haikulipa. Akiba ya mwisho iliisha muda wake mwaka 2016. Utafiti unaomfunga mnyama wa nchi maskini, ukazaa maarifa, kisha maarifa hayo yakakaa katika makabati ya nchi tajiri, bado unadaiwa na mnyama, na unadaiwa na jirani yake mkulima vilevile.

Tukiyapeleka maswali haya matatu kwenye burudani, mambo huwa mabaya zaidi. Njia nyingine ya kumwona mnyama ipo: picha, filamu, na mbuga zetu wenyewe. Faida ni kicheko cha nusu saa. Na tamaa ya kicheko hicho huzaa uhalifu. Novemba 2010 ndege ya kijeshi ya Qatar iliondoka uwanja wa Kilimanjaro na wanyama na ndege hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga 4. Desemba 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu mshitakiwa mkuu hali ya kuwa amekwisha kutoroka. Twiga walikuwamo vizimbani. Kizimba cha mahakama kilikuwa kitupu. Mei 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na Juni 2022, ilipotangazwa kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa muda kuwauza nje waliosalia mikononi mwao, wananchi walipiga kelele na ruhusa hiyo ikasitishwa upesi.

Sisemi kwamba kila mahali penye mnyama wa kutazamwa ni pabaya. Huko Meserani, karibu na Arusha, ipo bustani ya nyoka ambayo wageni hulipa kuitazama, na papo hapo pana zahanati ambako wanavijiji walioumwa na nyoka wamekuwa wakitibiwa. Nyoka wa pale, kwa kiasi fulani, wanalipiwa deni lao. Tena tunayo habari ya Kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Viktoria, ambako kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wamefungwa katika bustani na sarakasi za Ulaya waliachiwa huru. Wengi walijifunza upya maisha ya msituni, na uzao wao upo hadi leo. Lakini wawili walioshambulia watu ilibidi wauawe kwa risasi. Kifungo hakiondoki mwilini siku mlango unapofunguliwa.

Na nyumbani kwetu je? Mtoto wa pwani hufunzwa madrasani kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Kisa hicho tunakihadithia watoto, kisha tunawaacha wamfunge tumbili kamba kiunoni chini ya mkungu, wamrushie maganda ya muhogo mpaka azoee au afe. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzazi anayeliona jambo hili na kunyamaza anamfundisha mwanawe kwamba maumivu ya asiyeweza kusema si maumivu.

Basi ushauri wangu ni huu. Usinunue wala usipokee mtoto wa mnyama wa porini. Sheria inakataza kumfuga bila kibali, na mama yake huenda aliuawa ili yeye akamatwe. Ukiwapeleka watoto kwenye maonyesho, tazama kwanza kama mnyama ana maji, kivuli na nafasi ya kujinyosha. Kama hana, mwambie mwenye banda kwa adabu, na akikupuuza, mwarifu afisa mifugo au afisa wanyamapori. Na mtu akiumwa na nyoka nyumbani kwako, usimchanje kwa wembe wala usimkaze kamba. Mtulize, asitembee, umkimbize hospitali. Kisha katika mkutano wa kijiji uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo katika hospitali ya wilaya yenu, na kama haipo, italetwa lini.

Mtoto yule wa Nanenane anastahili kujibiwa bila kichekesho. Hivi ndivyo ningemjibu: chatu hajakosa. Sisi tuliomfunga ndio tunaopaswa kujieleza, na kama hatuna la kusema ila kwamba tulitaka kumtazama, basi tumfungulie.