Soma chapa kabla ya kuuza tandiko kuukuu

Mfanyabiashara wa vyuma chakavu akipata lijamu kuukuu ya farasi, kwanza huiweka kwenye mizani. Kisha huisugua kwa msasa ili ing'ae. Yote mawili ni hasara, na hilo la pili halina tiba. Alama iliyogongwa na fundi, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ukucha, ndiyo ambayo ingeeleza kifaa hicho kilitoka wapi na kina thamani gani. Msasa ukipita, alama imekwenda na bei imekwenda nayo.

Vifaa hivi si vigeni nchini Kenya. Walowezi walioingia nyanda za juu mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na farasi na matandiko, na mwaka 1914 baadhi yao waliingia vitani katika kikosi cha East African Mounted Rifles. Vitu vya aina hiyo hurithiwa, husahaulika stoo, kisha siku moja huuzwa kwa bei ya kutupa pamoja na mapipa na mabati.

Kwa Uingereza, mji wa matandiko ni Walsall. Biashara ya ngozi iliukuza mji huo hata timu yake ya kandanda ikapewa jina la utani la 'Saddlers', yaani mafundi wa matandiko. Mwenye tandiko la Kiingereza na atazame kwenye kiti, chini ya mabawa ya pembeni, na juu ya vyuma vinavyoshika kanda za vikuku. Akikuta mistari mitatu iliyokutana kama unyayo wa kuku, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mara nyingi ni mali ya jeshi. Karibu nayo huenda pakawa na mwaka na jina la mwenye kandarasi.

Neno 'England' nalo lina habari. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni zioneshe nchi zilikotoka, kwa hiyo kifaa chenye neno hilo yamkini ni cha baada ya hapo. Lakini kutokuwepo kwake hakuthibitishi lolote, kwani bidhaa ambayo haikupelekwa Marekani haikubanwa na sheria hiyo.

Huko Marekani kwenyewe mambo ni wazi zaidi. Lijamu yenye nyota huelekeza kwa August Buermann wa Newark, New Jersey; yenye nanga huelekeza kwa North & Judd wa New Britain, Connecticut, kampuni iliyomnunua Buermann mwaka 1926. Tandiko lenye herufi tatu za H ndani ya pembetatu ni la Heiser wa Denver. G.S. Garcia wa Elko, Nevada, alipata medali ya dhahabu kwa tandiko lake kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na hadi leo jina lake linatajwa kwa heshima. Hata hivyo jina hilo liliendelea kutumika baada yake, na lijamu zinazoitwa Garcia zingali zinauzwa Elko. Kwa hiyo jina pekee halitoshi kuthibitisha umri.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Jina lililogongwa kwenye ngozi huenda ni la duka lililouza, si la fundi aliyeshona. Chapa iliyo kwenye bizimu ni ya aliyetengeneza bizimu. Tarehe ya hataza huonyesha siku ubunifu ulipolindwa kisheria; kifaa chenyewe chaweza kuwa kilitengenezwa miaka mingi baadaye. Isitoshe, jina lenye bei huvutia waghushi: chapa kali, yenye kingo mpya, juu ya chuma kilicholika pande zote, ni ya kutiliwa shaka.

Dawa yake ni rahisi. Vumbi liondolewe kwa kitambaa laini, tochi imulike kwa ubavu, karatasi iwekwe juu ya chapa na kupakwa penseli taratibu hadi herufi zitokee. Ngozi isilowekwe mafuta. Kisha chapa ilinganishwe na orodha za bidhaa ambazo viwanda hivyo vilichapisha, zikiwa na michoro na namba za kila kifaa.

Wapo watakaosema kuwa sokoni kila mtu na bahati yake, na kwamba mnunuzi aliyeiona nyota hana deni la kumwambia mjane anayesafisha stoo. Huo ni ujanja wa siku moja. Habari za bei ya kweli zikifika kijijini, mnunuzi huyo hatafunguliwa stoo nyingine.

Mafundi wa ngozi wanaoshona kanda za punda wa mikokoteni nao wanahusika. Ni nadra kukuta kazi yao ina jina. Mkulima akienda dukani hutaka jembe la Mamba, chapa iliyokuwa ya kiwanda cha Chillington cha Wolverhampton, jirani kabisa na Walsall. Halitaki kwa kuwa amemwona aliyelifua. Kanda ya punda isiyokatika kwa misimu mitatu ingeweza kuulizwa vivyo hivyo, lakini mteja akirudi sokoni hana jina la kutaja. Muhuri wa chuma wa herufi mbili hununuliwa mara moja tu, na ngozi ikiwa na unyevu kidogo huipokea kwa pigo moja la nyundo.