Filamu za bahari ya Mkwiro na kikwazo cha hakimiliki vyuoni

MWANAFUNZI aliyezaliwa Mkwiro, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Wasini, akijiunga na chuo kikuu kusomea sayansi ya bahari, huenda akaoneshwa darasani filamu ya matumbawe na pomboo wa Kisite-Mpunguti, hifadhi iliyo jirani na kwao. Akiomba nakala airudie nyumbani wakati wa likizo, mhadhiri anaweza kumnyima, na kisheria hatakuwa amemwonea.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliruhusu kazi ya mtu kutumiwa bila idhini kwa utafiti wa kisayansi, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti matukio, mradi matumizi yawe ya haki na chanzo kitajwe. Kufundisha hakukutajwa hapo. Mwanafunzi anayejinakilia sehemu fupi kwa utafiti wake ana pa kushika. Mhadhiri anayelinakilia darasa zima watu mia hana.

Kipo kifungu kinachovitaja vyuo vikuu waziwazi. Matangazo yaliyokusudiwa kufundishia yanaweza kurekodiwa na kutumiwa chuoni. Kinanukia enzi ya vipindi vya redio vya shule, wala hakimsaidii aliyenunua diski dukani au anayetazama filamu kwa kulipia kwenye intaneti. Isitoshe, diski ikiwa na kinga ya kuzuia kunakiliwa, kuivunja kinga hiyo kwenyewe ni ukiukaji.

Kwa vitabu, angalau KOPIKEN hutoza ada za fotokopi kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Kwa filamu, chuo hulazimika kumwendea mwenye haki mmoja mmoja, na aghalabu yuko ng'ambo. Ugumu huo ulizidi Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, kwani kuipakia filamu kwenye mtandao wa chuo ni kutengeneza nakala nyingine.

Wapo wanaotaja kesi ya Marekani kama kinga. Chuo kikuu cha UCLA kilishtakiwa 2010 kwa kunakili video, zikiwemo tamthilia za Shakespeare za BBC, na kuwarushia wanafunzi mtandaoni. Kesi ilitupwa 2011, kisha tena 2012. Lakini kinga ya chuo cha serikali dhidi ya mashtaka ilichangia pakubwa, na sheria ya Marekani hutaja kufundisha bayana. Mhadhiri wa Kenya hawezi kujifunika kwa shuka hilo.

Linalouma zaidi ni umiliki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, iliahidi jamii malipo kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria ya 2016 ikalinda maarifa ya jadi. Hata hivyo, hakimiliki ya filamu yenyewe ni ya aliyeitengeneza, si ya wavuvi walioonekana ndani yake.

Wanasayansi nao wana hasara yao. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya, hivyo picha zilizopigwa kabla ya hapo ni ushahidi adimu. Kenya hulinda filamu kwa miaka 50. Iliyotolewa 1973, mwaka Kisite ilipotengwa kuwa hifadhi, ilikuwa huru kunakiliwa nchini kuanzia 2024. Iliyotolewa 1997, mwaka mmoja kabla ya maafa hayo, itabaki chini ya ulinzi hadi mwisho wa 2047.