Gari Lililokwama Katika Theluji

Ndugu msomaji, wengi wetu theluji tunaijua kwa kuitazama kwa mbali kileleni pa Kilimanjaro, mahali ambapo gari halifiki. Hata hivyo, koo nyingi hapa kwetu zina kijana aliye masomoni au kazini Ulaya au Marekani, naye huko hulazimika kushika usukani katika majira ya baridi. Kwa hiyo si vibaya wazee na ndugu waliobaki nyumbani wakayafahamu mambo yanayoweza kumpata njiani.

Aghalabu mtu akitajiwa theluji na gari huwaza kuteleza. Kuteleza ni hatari ya kweli, lakini iko hatari nyingine iliyo kimya zaidi. Hiyo humkuta dereva akiwa amekwisha kusimama, amejifungia ndani ya gari lake, anangojea msaada.

Jumatatu tarehe 6 Februari, 1978, wakazi wa Boston, mashariki ya Marekani, walikuwa wametangaziwa kwamba theluji ingeanza alfajiri. Alfajiri ilipita bila ya theluji kuonekana, na wengi wakaenda kazini kama kawaida. Ilipoanza baadaye, ilianguka kwa wingi pamoja na upepo mkali, na wafanyakazi waliporuhusiwa kurejea makwao walijikuta wote barabarani kwa wakati mmoja. Katika Barabara Namba 128, inayopita pembezoni mwa jiji hilo, magari zaidi ya 3,000 na malori kama 500 yalikwama. Dhoruba iliendelea hadi siku ya pili, ikaacha mjini theluji ya kina cha sentimita 69 hivi. Katika barabara hiyo watu 14 walikufa ndani ya magari yaliyokwama. Hao hawakuuawa na mgongano wala na baridi, bali na moshi wa injini walizoziwasha ili wapate joto.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Bomba la moshi la gari liko chini, upande wa nyuma. Theluji ikirundikana hulifunika, na moshi ukikosa njia ya kutokea hurudi ndani kupitia sakafuni. Katika moshi huo imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humchukua, asiamke tena.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Hewa hiyo ndiyo ile ile itokayo katika jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, milango na madirisha yakafungwa. Muuaji ni mmoja, ila huko amepanda gari.

Funzo la Boston halikuwafikia wote. Mwezi Januari, 2022, katika mji wa mlimani wa Murree, nchini Pakistan, watalii waliokwenda kufurahia theluji walikwama usiku kucha. Zaidi ya watu 20 walikufa, wakiwamo watoto waliokuwa na wazazi wao, na baadhi ya vifo hivyo vilihusishwa na hewa hiyo hiyo.

Basi, aliyekwama afanyeje? Kwanza, asiliache gari na kwenda kwa miguu, kwani katika dhoruba mtu hupotea hatua chache tu kutoka alipoanzia. Pili, kabla ya kuwasha injini ashuke aondoe theluji kwenye bomba la moshi, na arudie kufanya hivyo kila mara. Tatu, injini aiwashe kwa dakika kama kumi tu katika kila saa, huku dirisha la upande usioelekea upepo likiwa wazi kidogo. Nne, afunge kitambaa cha rangi kali juu ya gari ili waokoaji wamwone. Na wakiwa wengi, wasilale wote kwa pamoja.

Ama kuhusu kuteleza, anayejua kuendesha katika tope la masika amekwisha pata nusu ya elimu. Mwendo uwe mdogo, na nafasi baina ya gari na gari iwe kubwa, kwa maana juu ya barafu gari huweza kuhitaji hata mara kumi ya umbali wa kawaida ndipo lisimame. Likiteleza, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, aelekeze usukani kule anakotaka kwenda, wala asifanye jambo lolote kwa ghafla. Madaraja yaogopwe zaidi, kwani hupigwa na baridi juu na chini, hivyo huganda kabla ya barabara nyingine. Matairi nayo yawe ya majira hayo, ambayo raba yake haiwi ngumu katika baridi. Nchini Sweden sheria inayadai tangu tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zinapokuwa na theluji au barafu.

Lakini ushauri ulio bora kuliko yote ni kutokuondoka. Mwaka ule wa 1978, Gavana Michael Dukakis alipiga marufuku magari ya watu binafsi barabarani kwa siku kadhaa. Kazi ilisubiri, na jiji halikufa kwa kusubiri. Wahenga walisema: kawia ufike.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapompigia simu kijana wako aliye ughaibuni, usimwulize habari za koti zito peke yake. Mwulize kama ndani ya gari lake mna koleo, blanketi, maji na chakula kidogo, na kama analijua bomba la moshi liliko. Kisha ukikata simu, litazame na jiko lako liliko usiku huu.