Nusu ya Wimbo si Wimbo

Haya jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi mwenzangu wa ofisini, mwandishi wa programu kama mimi, aliniona na mfuko wa santuri nilizonunua Kenyatta Market hapa Nairobi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe ni mzee wa wapi? Si nyimbo zote ziko kwenye simu!"

Mimi nimesomea sayansi ya kompyuta, na riziki yangu naipata kwenye hifadhidata. Namjibu kama mtu wa fani: si kweli.

Santuri ya inchi saba, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika chache tu kila upande. Bendi za Nairobi za miaka ya 1970 zilipenda nyimbo ndefu. Basi wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B, ambako mara nyingi ndiko magita huchachamaa na watu wakainuka vitini.

Sasa anakuja mtu ananakili upande A, anaupakia mtandaoni, basi. Programu haiwezi kujua kwamba nusu imebaki. Ukitazama mwaka, mara nyingi utaona ule wa albamu ya mkusanyiko iliyotolewa juzijuzi. Jina la mtunzi, ambalo liko kwenye lebo ya santuri, hulioni. Hiyo ndiyo "nyimbo zote"?

Mwishoni mwa 2024 vijana waliufufua "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo waliohamia Nairobi mwaka 1974. Nilifurahi sana. Lakini wengi waliujua kwa vipande vya sekunde chache. Na je, zile ambazo hakuna aliyezifufua?

Msidhani nawatetea wakusanyaji wote. Kuna mmoja alinikatalia hata kusikiliza tu. Amezifungia santuri kabatini akingoja bei ipande. Huyo na mwenzangu wa ofisini ni ndugu. Mmoja anasema hakuna cha kuokoa, mwingine ameokoa ili asisikie mtu. Mwisho wake ni uleule: kimya.

Kwangu mimi, Jumapili mchana mlango uko wazi. Rafu yangu haina kabila wala mpaka: benga ya D.O. Misiani, taarab ya Mombasa, Franco, Mbaraka Mwinshehe, hata Jim Reeves wa Marekani. Kila mgeni huja na sahani moja, na kila sahani huchezwa pande zote mbili. Hiyo ndiyo sheria.

Mwezi uliopita jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alisikia upande B akaweka kikombe chini. "Huyu wa besi namjua!" Akatutajia jina lake. Nikaliandika palepale kwenye jalada. Lebo haina jina hilo, na nimelitafuta kwenye programu zote nilizo nazo, sikulipata.

Kwa hivyo ndugu msomaji, chungulia chini ya kitanda cha babu. Pangusa vumbi, ita majirani, geuza sahani, kisha uliza nani alipiga nini. Faili ya upande A itakungoja mwaka mzima. Mzee hatakungoja.

Ni hayo tu kwa leo.